Tulivyokula Kutoka Ujiji Hadi Kibondo

Nilipoteremka garimoshi Kigoma na barua yangu ya kupangiwa kazi, nilikuwa muuguzi wa miaka ishirini na minne kutoka Rombo, sijawahi kuonja mawese maishani mwangu. Mama mwenye nyumba niliyopanga alinikaribisha siku ile ile kwa maharage yaliyoelea katika mafuta ya rangi ya chungwa. Nilikula vijiko viwili, nikasingizia kuumwa kichwa. Usiku nikala biskuti nilizonunua stesheni ya Tabora, nikajiuliza nitaishije huku.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walikuwa wanaingia kutoka Burundi kwa miguu na kutoka Kongo kwa maboti, na hospitalini kila mtu alikuwa anafanya kazi ya watu wawili. Mimi nilipewa chanjo. Kila baada ya wiki mbili nilitakiwa kupeleka chanjo za watoto Kasulu na Kibondo, zikiwa ndani ya makasha yaliyopangwa barafu. Barafu ikipangwa vizuri ilidumu siku mbili. Ikiyeyuka, safari nzima ni bure na watoto wamesubiri bure.

Dereva wangu alikuwa mzee wa Ujiji, mzaliwa wa pale pale, mwembamba kama ufito, kofia ya kufuma haimtoki kichwani. Ukimtazama usingeamini anavyokula. Kwake barabara ile haikuwa na kilometa. Ukimuuliza tumebakiza umbali gani kufika Kasulu, anakujibu, "Bado sehemu moja ya chai na sehemu moja ya supu."

Safari yetu ya kwanza tuliondoka alfajiri, lakini badala ya kushika njia ya Kasulu alikata kwenda Ujiji.

"Mzee, tumesahau kitu?" nikamuuliza.

"Hatujala."

Alisimama mbele ya nyumba moja ya udongo karibu na msikiti. Mjane mmoja alikuwa anakaanga chapati barazani. Nilikaa kwenye mkeka, nikaletewa chapati mbili na bakuli la maharage. Ya mawese. Nilikula chapati kavu, nikalisogeza bakuli pembeni taratibu kama vile limejisogeza lenyewe. Mzee alilivuta, akalimaliza, akamshukuru mjane kwa niaba yetu sote.

Ndani ya gari ndipo aliposema, "Mwanangu, mimi sikulazimishi. Ila njia hii ni ndefu na chapati kavu zitakwisha."

Alikuwa na kanuni zake. Akifika mahali pageni haketi kwanza. Anazunguka nyuma, anamsalimia mpishi, "Mwakeye," kwa Kiha, anaangalia maji ya kunawia yanatoka wapi na sufuria zinafunikwa na nini. Kisha anauliza swali moja tu: "Na wewe mwenyewe leo umekula nini?" Mpishi akijibu kwamba amekula hicho hicho anachouza, tunakaa. Akisitasita, Mzee anaaga kwa heshima zote na tunaondoka na njaa yetu. Mara ya kwanza niliona haya. Baada ya miezi michache nilikuwa nazunguka nyuma mwenyewe, na sare yangu nyeupe, wapishi wakidhani nimekuja kukagua vyoo.

Hivyo ndivyo nilivyoijua barabara. Kasulu, ambako asubuhi ni baridi na ukungu umelala juu ya migomba, kulikuwa na mama wa supu ya kongoro aliyekuwa anaongea zaidi na sufuria yake kuliko na wateja. Mbele zaidi kulikuwa na Mrundi mmoja mzee aliyechemsha chai ya maziwa na tangawizi chini ya turubai. Alikuwa na vikombe vitatu tu, kwa hiyo mlikunywa kwa zamu na aliyemaliza aliharakishwa na macho ya anayengoja. Kibondo kulikuwa na mwanamume, seremala, aliyepika ndizi na utumbo siku za soko pekee. Zote hizo ziliitwa hoteli. Nyingine hazikuwa na kuta.

Hoteli ninayotaka kuisimulia ilikuwa kwenye kizuizi.

Siku zile kulikuwa na majambazi porini kati ya Kasulu na Kibondo, na magari hayakuruhusiwa kupita moja moja. Mlisimama kwenye mti uliolazwa barabarani, mkasubiri mpaka magari yatoshe msafara na polisi wapande. Kungoja kulichukua saa moja, wakati mwingine nusu siku. Hapo kando kulikuwa na soko dogo ambapo wenyeji na wakimbizi wa kambi ya jirani waliuziana muhogo, sabuni, kuni na dagaa. Ukingoni mwa soko, mama mmoja wa Kongo alikuwa ameweka mafiga matatu, benchi mbili na kipande cha bati alichoandika kwa mkaa: HOTELI.

Alikuwa mwanamke mkubwa, wa makamo, kitenge amekikaza kiunoni kama mtu anayejiandaa kubeba kitu kizito. Siku tuliyokutana naye Mzee alizunguka nyuma kama kawaida na kumwuliza swali lake.

"Nimekula sombe," mama akajibu kwa Kiswahili chao cha ng'ambo. "Hata jana nimekula sombe. Na wewe ukiikala hapa, utakula sombe. Haiko ingine."

Mzee akacheka mpaka akashika nguzo. Tukakaa.

Sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa muda mrefu. Yeye aliyapika kwa mawese, vitunguu majani na dagaa, na aliyaleta na ugali wa muhogo aliouita bukari. Nilimwambia kwa adabu kwamba nitakunywa chai tu. Alinitazama, akatazama makasha yangu ya chanjo kwenye gari, akasema, "Mama munganga, unapiga watoto sindano, na wewe unaogopa majani?"

Wateja wote waligeuka. Nikakata tonge kwa hasira, nikachovya, nikala. Ningependa kusema niliipenda papo hapo, lakini ukweli ni kwamba nilimeza kwa macho yaliyofumbwa. Tonge la pili lilikuwa afadhali. Kufikia la sita nilikuwa nimeinama juu ya sahani ya bati, na Mzee, ambaye alikuwa amejiandaa kumalizia yangu, alikosa.

Tangu siku hiyo tulipanga safari zetu ili njaa itukute kizuizini.

Masika ya mwaka ule mvua ilibeba daraja mbele ya kizuizi. Tulikuta foleni ya malori ya mahindi ya kambini, mabasi mawili, na madereva wamekaa chini ya magari yao. Polisi walisema labda kesho, labda keshokutwa. Nilifungua kasha moja na kugusa barafu. Ilikuwa imeanza kutoa jasho. Kurudi Kasulu hatukuweza pia, kwa sababu lori lilikuwa limezama kwenye tope nyuma yetu na kuziba njia.

Niliketi kwenye benchi ya yule mama nikiwa karibu kulia. Alikuwa anatwanga. Aliniuliza kulikoni, nikamweleza. Akaacha mchi ndani ya kinu.

"Ile zahanati ya kambi iko na frigo ya mafuta ya taa," akasema.

"Najua. Lakini wataniruhusu? Sina barua ya kuingia kambini."

"Munganga wao anakula hapa kila juma. Kula ni barua." Akanikabidhi mchi. "Twanga. Usiache, itakauka."

Akafunga kanga kichwani, akaingia mvuani. Mzee akamfuata na gari mpaka njia ilipoishia. Mimi nilibaki nikitwanga majani ya muhogo mbele ya madereva ishirini wenye njaa ambao kila mmoja alikuwa na maoni kuhusu mkono wangu. Waliporudi, yule mganga wa zahanati alikuwa pamoja nao, amejifunika nailoni, na wabebaji wanne wa kubeba makasha yangu. Chanjo zililala kwenye jokofu la kambi siku mbili. Hakuna hata chupa moja iliyoharibika.

Siku hizo mbili nilikuwa msaidizi wa jikoni. Nilijifunza kupepeta, kutwanga, kukoroga bukari mpaka mabega yawake. Siku ya pili mchana, mvua ikiwa imetulia na wateja wameshiba, alinieleza kwa nini yuko pale. Alisema bila kunitazama, akichambua dagaa kwenye ungo.

Walikuwa dada wawili, wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Vita vilipofika walikimbilia ufukweni pamoja. Maboti yalikuwa mawili na watu walikuwa wengi. Yeye alisukumwa kwenye moja, mdogo wake kwenye lingine. Kwenye maji mawimbi yaliyatenganisha, na asubuhi boti lake lilipotia nanga upande wa Tanzania, lile lingine halikuonekana.

"Niliuliza kambi yote," akasema. "Jina yake haiko. Nikawaza: kila mutu anakula. Nikiikala hapa ku barabara na chakula, siku moja atapita mwenye alimuona mudogo yangu."

Mzee alikuwa amejilaza kwenye benchi ya pili, kofia usoni, nikadhani amelala. Akaketi. "Anafananaje?"

Akatutajia jina lake. Mrefu, mweusi, anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, na kwenye mkono huo ana kovu la mawese ya moto kuanzia kiwiko mpaka kiganja. "Naye anapika," akaongeza. "Kama ni muzima, anapika."

Daraja lilipotengenezwa tukaendelea na safari. Njiani Mzee akasema, "Sisi tunajua wapishi wote wa njia hii."

Ndivyo tulivyoanza kumtafuta. Hatukuwa na ofisi wala karatasi, tulikuwa na matumbo yetu. Kwenye hoteli tulizozipita zamani sasa tulisimama, hata zile ambazo Mzee alizikataa kwa sababu ya sufuria zake. Alikula ugali mbichi kwa uvumilivu, akasifia, kisha akauliza: umewahi kumwona mwanamke wa ng'ambo, mpishi, anatumia kushoto, ana kovu? Mama wa supu aliacha kuongea na sufuria yake, akatuahidi kuuliza wasafiri. Mrundi wa vikombe vitatu alisikiliza mpaka mwisho, akatutakia amani kwa Kirundi, "Amahoro. Na mimi nitafutieni wa kwangu kwa njia hiyo hiyo." Akatutajia majina mawili, nikayaandika kwenye daftari la chanjo. Wenye majina hayo hatukuwapata kamwe, na mpaka leo nayakumbuka.

Tuliuliza mwaka mzima. Sare yangu ilinibana, fundi wa Kasulu akaifumua pembeni mara mbili. Kila tulipofika kizuizini yule mama alitutazama tulipokuwa tunateremka, akisoma nyuso zetu, kisha anageukia sufuria zake na kusema, "Haya, kuleni." Hakuna siku aliyotuuliza.

Habari ilipatikana Ujiji, mahali tulipoanzia. Yule mjane wa chapati alikuwa ananunua dagaa kwa wachuuzi wanaoshuka na maboti kutoka vijiji vya kaskazini, na mchuuzi mmoja alimwambia kwamba katika kijiji cha Mwamgongo aliwahi kumwona mwanamke anayetumia kushoto, mwenye kovu, akikaanga samaki ufukweni. Mzee alikuja hospitalini kuniambia akiwa amevaa kanzu, siku ambayo hakuwa zamu.

Mwamgongo haina barabara. Unakwenda kwa boti, ukipita Gombe, saa kadhaa juu ya maji. Kijiji kilikuwa kwenye ratiba yetu ya chanjo mwezi uliofuata, na kazi ya dereva wa gari ilikuwa kubaki Kigoma. Mzee akasema anakuja.

"Mzee, wewe si unaogopa maji?"

"Nani amesema?"

Alikuwa amesema yeye mwenyewe, mara nyingi. Mtu aliyezaliwa hatua chache kutoka ziwani alikuwa hajawahi kuvuka hata ghuba. Alikaa katikati ya boti, ameshika kasha la chanjo kwa mikono miwili kana kwamba ndilo linaloelea, akatapika mara tatu, na kila alipomaliza alijifuta mdomo na kuniambia, "Endelea, endelea," kama vile mimi ndiye ninayepiga kasia. Boti lilikuwa la injini.

Tulichanja watoto mpaka mchana. Kisha tukaenda ufukweni, kwenye kibanda cha samaki wa kukaanga. Aliyekuwa anakaanga alikuwa mama mfupi, Muha, mwenyeji wa pale, anatumia mkono wa kulia. Mzee, bado mdomo wake ni mkavu kwa kutapika, akazunguka nyuma kama siku zote.

"Shikamoo, Mzee," yule mama akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Leo umekula nini?"

"Mgebuka, Mzee. Karibu."

Tukakaa, tukala. Mgebuka alikuwa ametoka majini asubuhi ile, wa kukaangwa mpaka mapezi yanavunjika, na pilipili ya ndimu pembeni. Baada ya kula Mzee akauliza.

Yule mama akaweka mwiko chini. "Alikaa kwangu," akasema. "Miezi mitatu. Hapo ulipokaa ndipo alipokuwa anakaa."

Boti la mdogo mtu lilikuwa limetupwa na upepo mpaka kwao. Huyu mama alimchukua nyumbani, wakawa wanakaanga pamoja. Kila boti lilipotia nanga dada yule aliulizia ndugu yake mkubwa. Halafu akaja mtu akamwambia kwamba boti la dada yake lilizama, hakuna aliyepona.

"Alilia hapa siku nne. Nikamwambia, kaa, wewe ni ndugu yangu sasa. Akasema hawezi, mama yao mzee amebaki ng'ambo peke yake. Akapata boti la usiku, akarudi."

"Alifika?" nikauliza.

"Alifika. Alinitumia salamu kwa wavuvi. Yuko Baraka. Anapika."

Mzee alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Safari ya kurudi hakutapika hata mara moja, au labda alitapika na mimi sikuona, kwa sababu nilikuwa nalia kwa furaha na kutazama upande wa milima ya Kongo.

Safari iliyofuata alikimbiza gari vibaya mpaka nikamkemea. Tulipofika kizuizini yule mama alitutazama tulivyokuwa tunateremka, kama siku zote. Safari hii hakugeukia sufuria. Akakaa kwenye benchi ya wateja wake, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

"Semeni," akasema.

Mzee akamweleza yote, polepole, hatua kwa hatua, bila kuruka hata mgebuka tuliokula. Aliposikia kwamba mdogo wake aliambiwa boti lake limezama, akapiga makofi mara moja na kucheka. "Mimi! Mimi nimekufa na maji, na niko hapa nanenepa!" Alicheka hivyo muda mrefu. Halafu akasikia kwamba mama yao yu hai, au alikuwa hai wakati wa zile salamu, na hapo kicheko kikageuka kilio. Nilimshika. Mmoja wa madereva waliokuwa wanasubiri msafara akainuka akakoroga sufuria ili isiungue.

Hakuweza kwenda mara moja. Vita vilikuwa bado vinapiganwa upande ule. Alituma salamu kwa mjane wa Ujiji, mjane kwa wachuuzi wa dagaa, wachuuzi kwa mama wa Mwamgongo, na yeye kwa wavuvi. Jibu lilichukua majuma saba kurudi. Lilikuwa fupi: mama ni mzima, usivuke sasa, ngoja. Aliendelea kupika kizuizini miaka mingine mitatu, na sombe yake, naapa, ilizidi kuwa tamu.

Siku wakimbizi wa Kongo walipoanza kurudishwa kwao kwa meli, mimi nilikuwa nimeshahamishiwa Singida, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Sikuweza kwenda kumuaga. Mzee alikwenda. Alikuwa amestaafu, lakini alisimama bandarini Kigoma tangu asubuhi mpaka alipomwona kwenye foleni, kinu chake kichwani. Askari wa bandari walitaka akiache, kwamba ni mzigo mkubwa. Mzee alizungumza nao. Sijui aliwaambia nini. Kinu kilipanda melini.

Miezi kadhaa ilipita. Siku moja nikiwa kliniki, simu ikalia, namba nisiyoijua. Ilikuwa ni Mzee, kwa simu ya mwanawe, anapaza sauti kana kwamba ananiita kutoka Ujiji bila waya.

"Mwanangu! Wamekutana! Wanapika pamoja, hoteli yao iko karibu na soko la Baraka!"

"Nani kakwambia, Mzee?"

"Mchuuzi. Tena wameleta mzigo. Dagaa wakavu, fuko zima. Wamesema nusu yako."

Nikaangua kilio. Wauguzi wenzangu walinizunguka wakidhani nimepata msiba. Nikajifuta machozi, nikamwuliza nusu yangu atanitumia kwa basi gani, nije kuipokea.

Upande wa pili akakohoa kidogo.

"Mwanangu," akasema, "Singida ni mbali. Nimeshaanza kukusaidia."